Kampuni iliyoturasimishia mji: nyota tatu, ya nne naishikilia mpaka nione hati

Niliwaahidi mkutanoni kwamba wakimaliza nitawaandikia sifa zao. Hawajamaliza, lakini mwaka wa tatu huu unakatika na watu wa vitongoji vya jirani kila wakija kushonesha wananiuliza kama nao wawape kazi hawahawa. Basi naandika nilichokiona mpaka leo. Jina la kampuni naliacha. Suala la hati yangu ya kiwanja bado liko mikononi mwao, na mimi si mjinga.

Mimi ni fundi cherehani. Kibaraza changu kiko nyuma ya stendi, kwenye mji mdogo mkoani Morogoro ulioanza kama njia panda yenye mashine moja ya kukoboa mpunga. Sasa nyumba zimebanana mpaka kukitokea msiba jeneza linapitishwa uani kwa jirani. Kila mtu alinunua kipande chake, wakaandikishana na muuzaji mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, akajenga anavyojua. Urasimishaji ndiyo dawa tuliyoletewa: nyumba zinabaki zilipo, mnakubaliana wenyewe njia zipite wapi, mchoro unakwenda kuidhinishwa, mnapimiwa, bikoni, yaani vijiwe vya mipaka, zinawekwa, halafu kila mtu anaomba hati yake.

Bei ilikuwa shilingi 150,000 kwa kiwanja, ambayo wakati huo ndiyo ilikuwa ukomo wa serikali baada ya kuushusha kutoka 250,000. Hapo sina ugomvi nao. Fedha ziliingia kwenye akaunti ya kamati yetu ya wakazi, hazikupita mfukoni kwa mtu, na mimi nililipa elfu thelathini thelathini mara tano.

Mkutano wa kwanza waliuitisha Jumatano saa nne asubuhi, siku ya gulio! Walikuja wazee kumi na wawili na mlevi mmoja. Yule dada wa kampuni, mtaalamu wa mipango miji, kesho yake akaja mpaka kibarazani kwangu, akakaa kwenye benchi la wateja, akauliza, "Mama, mbona kinamama hamkuja?" Nikamwambia anayeuza nyanya siku ya gulio haendi mkutanoni, hata ukimwitia pepo. Hakubisha. Mkutano wa pili ukawa Jumapili saa kumi jioni, uwanja wa shule, na tukajaa.

Siku hiyo ndiyo ninayowapa nyota mbili peke yake. Walitandika chini picha kubwa ya mji iliyopigwa kutoka juu, upana wa mikeka mitatu, wakagawa kalamu za rangi, wakasema kila mtu atafute kwake. Watu waliotulia kimya kwa sababu ya maneno ya kitaalamu wakapiga magoti, wakaanza kugombana: bati jekundu lile ni la kwangu, hapana, la kwako ni lile la mwembeni. Mzee mmoja akaonyesha kidole mahali palipokuwa tupu, akasema hapo amelala mama yake na mtu asipachore.

Kisha likaja suala la barabara. Rasimu yao iliweka barabara ya mita sita katikati ya bonde, kwa kuwa kwenye picha hapakuwa na nyumba. Picha ilikuwa imepigwa kiangazi. Mama muuza vitumbua akacheka, akasema, "Mwanangu, hapo unapotaka gari lipite, mwezi wa nne mimi napita nimeshika gauni." Basi kina mama wakachukua kalamu ya bluu na kuyachora maji yalivyo, kutoka kwenye mashine ya mpunga, nyuma ya msikiti, mpaka kwenye kalavati ya barabara kuu. Asubuhi yake yule dada aliutembea mkondo wote na watatu kati yao, wakamwonyesha alama za tope ukutani. Mchoro wa pili uliporudi, bonde limekuwa mfereji na njia ya miguu, barabara imehamia juu. Masika iliyofuata maji yalipita palepale palipochorwa, na hapakuwa na msingi wowote mpya njiani.

Ili njia zipatikane kila mtu alitoa kitu, na fidia hakuna. Mimi nilikubali kutoa robo tatu ya mita na mpapai. Vijana wa upimaji walipokuja kuchimbia bikoni nikatoa futi kamba yangu, nikakuta wamekula mita moja na sentimita kumi. Kijana akacheka: "Shangazi, hii si suruali." Alipopima tena kwa mashine yake, bikoni ikarudi sentimita thelathini na tano. Mwenye futi kamba nyumbani aitoe siku hiyo.

Nyota mbili nimewanyima kwa sababu hizi.

Wapangaji hawakuhesabiwa kabisa. Fomu ilimtaka mwenye eneo tu, wakati nyuma ya stendi karibu sote tumepanga vibanda. Kwangu ninakoishi nilikuwa mwenyeji, mwenye sauti. Kwenye kibanda kinachonilisha nikawa hewa. Mchoro wa pili ulipobandikwa ofisini, juu ukutani, kwa maandishi ya kukodolea macho, ndipo mpwa wangu akasoma kwamba mstari wetu wa vibanda umeandikwa "maegesho". Tulipeleka barua. Jibu likawa kwamba mwenye eneo alishakubali. Mpaka sasa hakuna gari lililokuja kuegesha, nami nashona hapohapo, lakini silali vizuri.

Kiwanja cha watoto nacho kiliingia kwenye mchoro wa kwanza kama uwanja, kikatoka kwenye wa pili kama uchochoro. Mwenye shamba alikataa kulitoa bure, na simlaumu, kwa nini yeye peke yake? Tungechangishana tukamfuta jasho. Nadhani watu wangetoa. Wazo hilo halikuletwa mkutanoni, na mimi nililipata mwezi mmoja baadaye nikiwa napiga pasi.

Halafu fomu ina mstari mmoja wa jina. Niliyabana majina mawili, la mume wangu na langu, karani akaguna, nikamwambia Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inayatambua yote mawili. Akapokea. Wenzangu wengi wameandikwa kwa waume zao tu kwa kuwa mstari ulikuwa mfupi.

Baya kuliko yote ni ukimya. Bikoni zilipokaa, kampuni ikatoweka miezi kumi na minne. Uchaguzi wa Novemba 2024 ukatuletea mwenyekiti mpya wa kitongoji, naye anasema faili aulizwe wa zamani. Na kuna tozo za hati zinazolipwa serikalini kwa namba ya malipo, nje ya ile 150,000, ambazo siku ya kwanza hakuna aliyezitamka. Kuna majirani wanaamini mpaka leo kwamba walishalipa kila kitu.

Mnaotaka kuwachukua: waulizeni jina la mtaalamu atakayekuja na kama amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wataalamu wa Mipango Miji. Gharama zote mpaka hati ziandikwe kwenye mkataba, na kwenye kamati muwaweke wapangaji wawili au watatu. Yule dada wa kalamu ya bluu nasikia ameshahamia kampuni nyingine. Mkimpata huko, mpeni kazi kabla hajaolewa na kuhamishiwa Mwanza.

Bikoni yangu iko chini ya kamba ya nguo, kuku wameigeuza kiti. Risiti zote tano ziko kwenye kopo la vifungo.