Jimu ya Sinza yenye bango la "tunatibu sonona", maoni ya mteja

Wanaoulizia ile jimu ya Sinza iliyobandika bango la kutibu sonona, mi nafanya tizi pale na nilijiunga kwa sababu hiyo hiyo, daktari aliniambia niendelee na dawa ila niongeze mazoezi. Jina sitaji maana nina la kulalamika.

Kwanza kocha, huyu ndo kabeba jimu nzima. Ukiwa na sonona chuma siyo shida, shida ni kutoka kitandani uvae raba wakati mwili mzito na huoni hata faida ya kuoga, sasa yeye usipotokea jioni anakupigia, "dada uko wapi, njoo hata utembee tu", hakusimangi wala nini. Na hakuanzishii mambo makubwa, unatembea, unaruka kamba, skwati kidogo, vyuma vyepesi vinafata baadae. WHO wenyewe, Shirika la Afya Duniani, wanasema mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yani nusu saa siku tano inatosha kuanzia.

Kwangu usingizi ndo umerudi kwanza, halafu hamu ya kula. Furaha inakuja taratibu na siku zingine haiji kabisa.

Sasa bango lao. Chini wameandika "achana na vidonge", hapo wamechemka. Mapitio ya 2013 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, yalikusanya majaribio 39, watu zaidi ya 2,300, wakakuta mazoezi yanapunguza sonona kiasi ukilinganisha na mtu asiyepewa tiba yoyote, ila walipobakiza majaribio yaliyofanywa kwa umakini zaidi nafuu ikaonekana ndogo. Majaribio machache yaliyoyapambanisha na dawa au ushauri nasaha hayakuonyesha tofauti ya maana. Kwa hiyo mazoezi yanasaidia kweli, lakini hizo dawa ukizikatisha ghafla unaweza kupata kizunguzungu, usingizi ukapotea, na sonona yenyewe ikarudi. Nimemwambia mwenye jimu, kacheka, eti biashara matangazo. Jamani! Na mtu anayewaza kujidhuru asianzie pale, aende hospitali, Muhimbili wapo madaktari wa afya ya akili.

Mengineyo, feni ni moja, Februari mle ndani ni tanuri. Jioni singeli inapigwa mpaka kifua kinatetemeka, kama kelele zinakuchosha nenda mchana. Bei elfu 40 kwa mwezi au elfu 3 kwa siku, we lipa ya siku kwanza uone. Hela ikigoma, Coco Beach asubuhi hulipii kitu, na vikundi vya jogingi viko mitaa kibao, wikiendi unawasikia tu wanapita wanaimba.

Kinamama tuna muda wetu, saa tatu mpaka saa tano asubuhi, ila piga simu kabla hujatoka maana kuna siku wanajisahau wanaruhusu na wanaume.