Wisiki iliyolala kwenye pipa la bourbon: ununue ipi kwanza

Nazungumzia wisiki ya Scotland ya kimea cha shayiri tupu kutoka kiwanda kimoja (kimea ni kimea tu, kama kile cha ulezi cha kupikia mbege) ambayo imelazwa kwenye mapipa yaliyokwishatumika Marekani. Kule sheria inawabana, bourbon, yaani wisiki yao ya mahindi zaidi, lazima ilale kwenye mwaloni mpya uliounguzwa ndani, sasa pipa likishatumika mara moja halirudiwi kwa bourbon, ndo linauzwa kwa Waskoti. Lina kama lita 200, na ule mwaloni mweupe wa Marekani ndo unaleta vanila, asali, na nazi kwa mbaaali.

Jamani msinunue rangi! Mimi nilishaingizwa mjini, nikabeba chupa nyeusi kama chai ya rangi nikijua hiyo ndo imekaa miaka, kumbe Waskoti wanaruhusiwa kutia karameli. Iliyolala kwenye bourbon mara nyingi ni ya dhahabu hafifu hata ikiwa na miaka 12. Wewe soma asilimia ya kilevi. 40 ndo kima cha chini kisheria, ukikuta 46 kwenda juu mara nyingi hawajaichuja ikiwa baridi, kwa hiyo yale mafuta yanayoipa uzito mdomoni bado yapo.

Namba moja kwangu ni Deanston 12. Asilimia 46.3, haijachujwa kwa baridi, ina asali na inang'ang'ania ulimi, na inatengenezwa ndani ya majengo ya kiwanda cha zamani cha pamba cha mwaka 1785, raha tu kujua. Shida ni kuipata, huku kwetu ukiiona dukani usiseme nitarudi kesho.

Ya pili Glenmorangie Original, na kama ndo chupa yako ya kwanza kabisa basi ifanye ya kwanza. Mitambo yao ya kuchemshia ina shingo za zaidi ya mita 5, twiga kabisa, mvuke mzito unashindwa kupanda ndo maana inatoka laini, machungwa na vanila. Mwaka 2024 wameitoa miaka 10 wakaipeleka 12, so ukikuta zote mbili rafuni kwa bei moja unajua pa kushika.

Ya tatu Ardbeg Ten, asilimia 46, toka kisiwa cha Islay. Kiukweli naipenda kuliko zote ila siwezi kuiweka juu manake moshi wa mboji (ule udongo wa mimea iliyooza unaochomwa kukaushia kimea) ni mkali, mke wangu anasema inanuka dawa ya hospitali na sijapata cha kumjibu. Laphroaig 10 ni ukoo huohuo, usinunue zote mbili kwa mpigo.

Glenfiddich 12 na Glenlivet 12 zimejaa kila mahali na si mbaya, ila zina mchanganyiko wa mapipa ya bourbon na ya sheri (divai kali ya Hispania), hazikufundishi kitu kuhusu bourbon yenyewe.

Mwisho Glen Moray Classic. Asilimia 40, nyepesi, bei ya chini kuliko hizo za juu. Hii hata ukiizamisha kwenye barafu na soda sikununii.