TAHADHARI: Konvata ya "30A" ambayo ndani ni tatu za 10A

Wakuu, habari za kazi. Kama unafunga vifaa vya minara, sola au kamera na unatafuta konvata ya kutoa volti 48 kwenda 12, soma hii kabla hujashuka Kariakoo.

Nilinunua boksi jeusi lenye stika kubwa ya 30A (ampia 30), laki mbili na arobaini. Nilitaka yenye utengano, yaani upande wa kuingia na wa kutokea haujaungana kwa waya, maana betri za mnara ule chanya ndiyo imefungwa ardhini, na vifaa vyangu vya volti 12 hasi ndiyo inagusa bodi. Hapo ukiweka konvata ya kawaida umepiga shoti betri. Muuzaji: "Bosi, hiyo hata arobaini inabeba."

Mzigo wangu ni ampia 18 tu. Nikawasha: taa zikaja, zikakata, zikaja. Tik, tik, tik. Nusu siku nzima nalaumu waya.

Nikafungua boksi. Ndani konvata tatu za 10A, zimegandishwa kwa gundi, waya za kutokea zimekusanywa pamoja kwa risasi ya kulehemu. Basi! Nikazipima moja moja bila mzigo: 12.24, 12.06, 11.98. Nikaziunganisha tena, nikaweka mzigo wa ampia 6, nikabana mita kwenye kila waya. Ya kwanza inabeba karibu zote 6, nyingine mbili zimekaa zinaangalia.

Ndivyo zilivyo. Kila moja inalinda volti yake, na yenye volti ya juu kidogo ndiyo inayobebeshwa. Ukiongeza mzigo inapita 10, inajizima kujilinda, mzigo wote unaangukia ya pili, nayo inajizima. Za kuunganishwa sambamba zipo, ila huwa na waya au mguu maalumu wa kugawana mzigo, au zimetengenezwa volti ishuke kidogo kadiri mkondo unavyopanda. Kwenye boksi hili hakuna hata kimoja.

Nikarudi dukani. Kijana akanionyesha karatasi ukutani, "Mali ikiuzwa hairudishwi," kisha akanishauri niweke daiodi. Jamani! Daiodi inazuia moja isirudishe umeme kwa mwenzake, haigawi mzigo. Yenye volti ya juu itabaki punda yule yule.

Kinachoniudhi zaidi, zile konvata zenyewe si mbovu. Utengano ni wa kweli, na kila moja peke yake inatoa 10 bila shida. Stika ndiyo feki.

Kwa hiyo ukienda, nenda na mita ya kubana inayosoma DC (umeme kama wa betri) na taa za gari za volti 12 za kutosha kufikisha mkondo ulioandikwa. Mwambie awashe mbele yako, dakika kumi. Akikataa, ondoka. Boksi likiwa jepesi kuliko namba yake, au ukiona jozi tatu za waya zinaingia kwenye terminali moja, usitoe hela.

Mimi nimeshakata ile risasi. Redio zina konvata yake, swichi yake, kamera yake, kama ampia 6 kila moja. Mnara unafanya kazi.