Kamera ya retina kwa kliniki ya sukari: uliza milimita za mboni kwanza

Lalamiko la wauguzi wa kliniki za sukari, iwe Kisumu, Kakamega au Nakuru, ni lile lile: kamera ya retina (utando wa nyuma ndani ya jicho, ambao sukari huuharibu) ilipoletwa kuonyeshwa ilitoa picha safi, ilipoanza kazi ikatoa giza. Usihangaike na megapikseli. Shida ni mboni, lile tundu jeusi la katikati ya jicho linalopitisha mwanga.

Kamera hizi huuzwa kwa sifa ya kutohitaji dawa ya matone. Ni kweli, lakini kila moja ina kipimo cha mboni ambacho haishuki chini yake, na kipimo hicho hufichwa kwa herufi ndogo nyuma ya broshua. Mwanga huingia kama pete pembezoni mwa mboni, picha ikatokea katikati. Mboni ikiwa ndogo, pete inagonga irisi, ile sehemu yenye rangi inayoizunguka mboni, na picha inarudi na kivuli cheusi upande mmoja au ukungu mweupe kuizunguka. Mzee wa miaka 65 aliyekaa na sukari miaka mingi, mara nyingi mboni yake haifunguki vizuri hata gizani. Isitoshe, retina yenye rangi nzito kama zetu hunyonya mwanga zaidi. Wauzaji wanayajua haya, na bado siku ya maonyesho humkalisha kijana wao wa mauzo mbele ya lenzi! Huko ni kuidanganya hospitali.

Kuna na jicho la pili. Mwako ukipiga jicho la kulia, mboni zote mbili hufinyika pamoja. Mgonjwa akae gizani dakika tatu hadi tano kabla ya kupiga la kushoto. Jua la Kisumu la saa sita hupenya pazia jepesi, kwa hiyo wekeni zito, jeusi.

Chaguo letu la kwanza ni iCare DRSplus, na hatufichi kwamba tunaipendelea. Inakubali mboni ya milimita 2.5. Mgonjwa akishaweka kidevu, inajipanga, inatafuta fokasi na kupiga yenyewe, hivyo hata muuguzi aliyehamishwa juzi kutoka wodi nyingine ataimudu.

Ya pili ni Topcon NW400. Nayo hujiendesha, lakini inataka milimita 4, au 3.3 kwa hali ya mboni ndogo. Canon CR-2 AF ina vipimo hivyo hivyo na picha zake ni nzuri. Tumeiweka ya tatu kwa sababu mtumiaji ndiye anayeilenga kwa kijiti, na ni lazima iunganishwe na kompyuta.

Kwa mgonjwa asiyeweza kuketi, Optomed Aurora ya kushika mkononi (milimita 3.1) inafaa, mradi mkono usitetemeke. Vifaa vya kubandika kwenye simu ni rahisi kununua, lakini karibu kila mara vitahitaji matone. Tropikamaidi ya asilimia 1, dawa ya matone ya kupanua mboni, huchukua dakika 15 hadi 20, irisi nyeusi zaidi ya hapo, na aliyetoka Ahero kwa pikipiki yake hawezi kuiendesha kurudi nyumbani kwa saa kadhaa.

Kabla ya kutoa LPO (hati ya kuagiza bidhaa), kamera iletwe kliniki kwenu. Chagueni wagonjwa kumi wa sukari waliopita miaka 60, bila matone, na anayepiga awe muuguzi wenu. Kila jicho picha mbili, moja katikati ya makula (sehemu ya retina inayoona kwa undani) na nyingine kwenye diski (pale neva ya jicho inapoanzia): jumla 40. Hesabuni zile ambazo mishipa midogo karibu na makula inaonekana. Doa jeupe likijirudia mahali pale pale kwa kila mgonjwa, hilo ni vumbi au chozi kwenye lenzi, wala si ugonjwa.

Kisha someni kotesheni mstari kwa mstari. Meza ya kupanda na kushuka, UPS, kompyuta na leseni ya programu huachwa nje makusudi ili bei ionekane ndogo, halafu ankara ya pili inafuata. Viandikwe vyote humo, pamoja na mafunzo ya mara ya pili baada ya miezi mitatu, maana waliofundishwa kwanza huenda wakawa wameshahamishwa.