The Secret of Monkey Island: toleo jipya, ila lichezwe kwa sura mbili

Gemu hii ya maharamia ilitoka mwaka 1990, kazi ya Ron Gilbert pamoja na Tim Schafer na Dave Grossman. Tunayoijadili hapa ni ile iliyochorwa upya na kuwekewa sauti mwaka 2009. Guybrush Threepwood anatua kisiwa cha Mêlée akitaka uharamia, anapewa mitihani mitatu: kumshinda bingwa wa upanga, kuiba sanamu nyumbani kwa gavana na kufukua hazina.

Anza na pesa. Chukua sufuria jikoni kwa baa, uivae kama kofia ngumu kwa wale ndugu wa sarakasi, watakulipa sarafu 478. Upanga ni 100, sepetu 75, ramani 100.

Utamu wenyewe uko kwenye upanga. Wepesi wa vidole hausaidii kitu, anayeshinda ni mwenye jibu. Adui anakwambia unapigana kama mfuga ng'ombe wa maziwa. Unamjibu kwamba sawa tu, maana yeye anapigana kama ng'ombe. Mipasho ya taarab mitupu! Vijembe unavipata kwa kutupiwa, majibu unayapata kwa kuwatupia wengine, kwa hiyo mapambano ya mwanzo utashindwa tu, usijisumbue kurudia. Kwa Carla, bingwa mwenyewe, vijembe hubadilika lakini majibu ni yaleyale. Sikiliza kijembe chenyewe, utajua jibu lipi linakaa. Kiswahili hakimo, na Kiingereza cha kubahatisha kitakukwamisha hapa.

Sasa kasoro. Kwenye picha mpya vitenzi, yaani amri kama "chukua" na "fungua", vimefichwa ndani ya menyu, na hilo linaumiza zaidi kwenye fumbo la kufuli la jela. Kufuli linayeyushwa kwa kinywaji cha grog, ila kinayeyusha na kikombe ukiwa njiani, inabidi ukimimine kwenye kikombe kingine kabla hakijamwagika, na menyu inakula muda wote. Bonyeza F10: picha za zamani zinarudi papo hapo, vitenzi vyote viko chini ya skrini, bofya mara mbili tatu umemaliza. Beba vikombe vyote vya baa, kimoja hakitoshi. Sura ya zamani haina sauti za waigizaji, kwa hiyo kwenye vijembe rudi kwenye mpya, maana waigizaji wameitendea haki kweli kweli.

Kwa Dar, kati ya maduka ya gemu ya mtandaoni, nunua GOG badala ya Steam. Unalipa kwa kadi, hata ile ya mtandaoni ya kampuni ya simu, kisha unapakua faili la kusakinisha. Lipakue penye intaneti nzuri, liweke kwenye flashi, ulisakinishe nyumbani bila kugusa bando. Laptop ya kawaida ya ofisini inaimudu. Kwa kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba), sevu kila fumbo linapoisha. Umeme wa Tanesco hauna taarifa.