Safari ya tembo Hohenwald: msimpe pesa huyu jamaa

Naandika nikiwa na hasira, na sitazipunguza. Kuna jamaa hapa Nashville anaandaa safari za gari kwa sisi watu wa Afrika Mashariki. Jina simtaji. Alituahidi kwamba Hohenwald, mji mdogo hapa Tennessee, tutawalisha tembo waliotoka kwenye sarakasi na watoto watapiga nao picha. Nikalipia watoto, mimi, na mama yangu aliyekuja kutusalimia kutoka nyumbani.

Hohenwald mgeni halishi tembo! The Elephant Sanctuary, hifadhi inayowatunza tembo hao, haipokei watalii kwenye makazi ya tembo, na wanalisema waziwazi. Mgeni anaishia kwenye kituo cha elimu mjini. Tembo wako mbali, kwenye zaidi ya ekari 3,000, unawaona kwa kamera tu. Jamaa alijua. Akazima gari: "Ndiyo hapa." Nikamuuliza, kaka, tembo wako wapi? Akanijibu mbele ya mama, ambaye tangu asubuhi jamaa hakumpa hata shikamoo: "Dada, wewe si wa Tanzania? Tembo hujawachoka?"

Nilitaka turudi palepale. Watoto walikuwa wameshaingia.

Sasa mle ndani, jamani. Kuna habari za tembo wawili, Shirley na Jenny. Shirley alifanya kazi kwenye sarakasi miaka mingi, akavunjwa mguu wa nyuma na tembo mwenzake, ukaunga vibaya. Kisha zaidi ya miaka 20 katika bustani ya wanyama Louisiana, peke yake. Alipoletwa hapa 1999, Jenny alimtambua usiku uleule. Waliwahi kuwa sarakasi moja Jenny akiwa bado ndama! Wakapapasana kwa mikonga kati ya vyuma, wakanguruma, wakavisukuma vyuma mpaka vikapinda. Baada ya hapo Jenny hakubanduka kwake hadi alipokufa 2006.

Si kwamba wakifika tu wanapona. Tembo aliyeishi na mnyororo mguuni anaweza kuendelea kuyumbayumba mahali pamoja hata akiwa na msitu mbele yake, na miguu iliyoharibiwa na sakafu ngumu inatibiwa miaka na miaka. Walezi wanakaa nyuma ya kizuizi, bila ile fimbo yenye ndoano. Tembo akitaka anasogea, ananyanyua mguu usafishwe, anapewa tunda. Asipotaka, anaenda zake.

Kwenye skrini mmoja alikuwa anajimwagia vumbi. Kijijini kwa mama tembo huingia usiku na kumaliza shamba la mahindi, kwa hiyo hana mapenzi nao hata kidogo. Akamtazama muda mrefu, akasema, "Huyu hakuna anayemfukuza."

Hapo ndipo hasira ilinipanda upya. Jamaa alikuwa anatuuzia kilekile tembo hawa walichoondolewa: kusimamishwa mbele ya watoto wapigwe picha.

Nilikuja kuandika msiende. Nendeni. Kwa gari lenu, ni chini ya saa mbili, na ulizeni kwanza siku wanazofungua. Kamera zao ziko mtandaoni pia, watoto wangu sasa wanazifungua kila jioni. Wao nyota tano. Yeye hata moja. Nimemwomba anirudishie angalau nauli ya mama, akaniambia safari ilikuwa ya Hohenwald na Hohenwald tulifika. Bado namdai.