Betri nyepesi kwenye Impreza ya autokrosi: uzoefu wangu na Odyssey PC680

Gari langu ni Subaru Impreza WRX, injini ya EJ20 yenye turbo. Ndilo ninaloendea kazini Nairobi siku za wiki, na ndilo linalokula vumbi wikendi kwenye autokrosi, yaani mashindano ya kukimbizana na saa kwenye njia fupi ya koni. Hilo peke yake liliamua nichukue betri gani, kuliko bei na kuliko uzito. Gari linalobebwa kwa trela kwenda na kurudi uwanjani linaweza kuishi na betri ya aina yoyote. Langu lina kengele ya wizi, redio, na traka iliyofungwa enzi za mkopo ambayo hakuna aliyerudi kuitoa. Vyote hivyo vinakula umeme gari likiwa limelala.

Betri iliyokuwemo ilikuwa ya maji, saizi ile ya Kijapani inayoandikwa 55D23L, yaani sentimita 23 kwa urefu. Niliipima kwenye mizani ya muuza viazi jirani na gereji, ikasoma kilo 16 na ushee. Kwenye Subaru uzito huo umekaa mahali pabaya. Injini ya boksa iko mbele ya ekseli ya mbele, na betri nayo imewekwa mbele kabisa, nyuma ya taa. Ukiingia kona ya kubana kwenye murram, ukakata usukani na pua ikaendelea kwenda moja kwa moja kuelekea koni, utaelewa kwa nini watu wa Subaru huanza kupunguza uzito kuanzia mbele.

Lakini tusidanganyane. Gari zima lina kama kilo 1,400. Kutoa kilo tisa puani unakuhisi kidogo kwenye kona za kubana, lakini hakumgeuzi mtu wa nafasi ya kumi kuwa bingwa. Lita ya petroli ina uzito wa takriban gramu 740 na tangi langu ni la lita 60, kwa hiyo ukienda na nusu tangi umeshatoa kilo 22 bila gharama yoyote. Ongeza tairi la akiba, jeki, spana, na zile chupa za maji zinazobingirika chini ya kiti. Mtu anayeulizia betri ya lithiamu huku buti lake limejaa kama duka la spea hunichekesha kidogo. (Ila usishushe mafuta mpaka karibu na taa kuwaka. Kwenye kona ndefu petroli hukimbilia upande mmoja wa tangi, pampu inavuta hewa, na injini ya turbo ikikosa mafuta ikiwa imekanyagwa, hasara yake utaisimulia miaka.)

Kilichonisukuma hasa ni hali ya betri yenyewe. Murram inatikisa. Ndani ya betri ya maji, mtikisiko hupukutisha bamba za risasi, unga wake ukatuama chini, na siku moja seli moja inakufa bila kuaga. Asidi nayo ilikuwa inapenya kwenye vifuniko. Trei yangu ilikuwa imeota ukoko mweupe pembeni, rangi imebanduka, na boliti moja ya kushikilia imeliwa na kutu mpaka imebaki nyembamba katikati. Betri ya kilo 16 iliyoshikwa na boliti kama hiyo, kwenye gari linalotupwa huku na huku, ni kitu cha kuogopa.

Nikaingia Kirinyaga Road, mtaa wa maduka ya spea mjini, kutafuta. Duka moja lilinitolea kiboksi cheusi chembamba. "Boss, hii ndiyo hiyo hiyo. Volti 12, amperi 18, na bei ni robo." Ukiangalia kwa macho, kweli zinafanana, tofauti ni milimita chache tu kila upande. Ilikuwa betri ya UPS, zile za kushikilia kompyuta stima ikipotea. Geuza usome ubavuni: imeandikwa mkondo wa kuanzia kuchaji usizidi amperi tano na kitu, na matumizi yake ni ya kusubiri. Hakuna popote panapotaja amperi za kuwasha injini. Betri ya namna hiyo imeundwa kutoa umeme kidogo kidogo kwa muda mrefu. Stata ya gari inataka kinyume chake, amperi nyingi kwa sekunde mbili tatu, kisha alternata iishindilie chaji kuzidi ile iliyoandikwa pale. Nimeona watu wakifunga hizo. Zinawasha gari, ndiyo, kwa muda.

Niliyochukua hatimaye ni Odyssey PC680. Ina uzito wa kilo 7, uwezo wa saa-amperi 16 (kiasi cha umeme inachohifadhi), na hutoa hadi amperi 680 kwa sekunde tano, ndiko namba ya jina ilikotoka. Ni betri kavu, ile inayoandikwa AGM: asidi imenyonywa na mikeka ya nyuzi za kioo iliyobanwa katikati ya bamba, kwa hiyo hakuna kinachomwagika na hakuna bamba linalopata nafasi ya kucheza. Bamba zenyewe ni za risasi safi, nyembamba, ndiyo maana zinaingia nyingi kwenye kiboksi kidogo na kutoa nguvu ya ghafla. Unaweza kuilaza ubavu. Kichwa chini, hapana.

Wengi huikimbia wakisoma kwamba ile namba ya kuwasha kwenye baridi, CCA, ni 170 tu, wakati betri ya kawaida ya saizi ya D23 ina mara mbili au tatu ya hapo. Kipimo hicho hufanywa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Asubuhi ya Julai hapa Nairobi, ile ya koti na chai ya tangawizi, bado ni nyuzi kumi juu ya sifuri au zaidi. Kwa EJ20 yangu, stata inazunguka kwa kasi kuliko ilivyokuwa na betri ya zamani, na gari linashika mara moja.

Kazi ilikuwa kwenye kuifunga. Fundi wangu aliiinua kwa mkono mmoja akacheka. "Mkubwa, hii si ya pikipiki?" Kwenye trei ya D23 inaelea kama mtoto kwenye kiti cha mtu mzima, kwa hiyo alikata bati nene, akakunja fremu inayoikumbatia pande zote, akaichomea kwenye trei, na chini akatandika kipande cha tyubu ya lori. Boliti za vichwa vyake ni ndogo, M6, na vishikizo vya waya za Subaru vimezoea kichwa kinene, kwa hiyo nunua vile vichwa vya shaba vya kuongezea siku hiyo hiyo, usije ukarudi mjini mara ya pili. Kisha funika chanya kwa mpira. Mkaguzi uwanjani hana habari na chapa. Anaishika, anaitikisa kwa nguvu, anaangalia kama chanya imefunikwa, anaondoka. Ukiamua kuihamishia ndani ya gari, nyuma ya kiti, sharti iwe kavu. Ya maji hairuhusiwi.

Uwanjani imefanya kazi bila maneno. Siku ya autokrosi gari linawashwa na kuzimwa mara nyingi kuliko wiki nzima ya kwenda kazini: unasogea kwenye foleni, unazima, unasogea tena, na injini ikiwa ya moto stata hulemewa zaidi. Sijawahi kubustiwa kwenye foleni. Kitu kimoja tu cha kuangalia ni feni za rejeta. Ukiwa umezima injini lakini ufunguo umeuacha kwenye ON ili feni zipoze, feni zile mbili zinakula umeme kwa fujo, na saa-amperi 16 si ziwa Viktoria. Afadhali uiache injini iungurume dakika moja au mbili, turbo nayo ipoe, halafu uzime kila kitu.

Udhaifu wake uko nyumbani, kwenye maegesho. Nilipima kwa multimita, waya hasi ukiwa umefunguliwa na mita katikati, milango imefungwa, nikasubiri gari lilale. Ilisoma karibu miliamperi 50. Kidogo, utasema. Piga hesabu: ni saa-amperi 1.2 kwa siku, kwa hiyo ndani ya wiki moja, nusu ya betri imekwisha. Betri ya zamani ya saa-amperi 60 isingejali. Hii inajali, na betri ya risasi ikiachwa chini ya nusu kwa siku nyingi, bamba huota chumvi ngumu na uwezo haurudi wote. Ukisafiri kwenda ushago wiki mbili na gari limebaki Nairobi, ama uiache kwenye chaja ndogo ya kudumisha, ama ufunge swichi ya kukata umeme. Mimi nina swichi. Nikikata, watu wa traka hunipigia simu kuuliza kama gari limeibwa.

Sasa lithiamu, kwa sababu kila mtu huniuliza. Rafiki yangu anayo kwenye gari lake la mashindano, na niliifunga kwenye langu kwa muda nikaona. Unaibeba kwa vidole viwili, haifiki kilo tatu, na stata inaruka. Ndani ni seli nne za fosfati ya chuma na lithiamu, volti 3.2 kila moja. Wanaoishi Ulaya huilalamikia kwa sababu haifai kuchajiwa chini ya nyuzi sifuri, hilo halituhusu. Yanayotuhusu ni mengine. La kwanza ni ile namba kubwa ya saa-amperi kwenye boksi. Kampuni nyingi huandika "sawa na betri ya risasi ya kiasi fulani", na uwezo halisi huwa kama theluthi ya hapo. Theluthi hiyo ukiipa traka yangu, fikiria mwenyewe. La pili, voltimita haikusaidii: husoma volti 13.2 hivi ikiwa karibu imejaa na karibu hiyo hiyo ikiwa imebaki theluthi, kisha inaporomoka ghafla. La tatu ndilo linalonitisha. Ndani yake kuna saketi ya ulinzi inayojizima volti zikizidi, na kwenye magari yetu ya zamani kidhibiti cha alternata huweza kuchoka kikaanza kutoa volti 15. Betri ikijikata wakati injini inanguruma, umeme wa alternata hukosa pa kwenda, volti zinaruka, na kompyuta ya injini ndiyo inayopokea kipigo.

Halafu kuna kuifikisha nchini. Tangu Aprili 2016 betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kama mizigo kwenye ndege za abiria. Zinakuja kwa ndege za mizigo zikiwa na chaji isiyozidi asilimia 30, au kwa meli, na wakala wengi wa mizigo wanakataa hata kuzigusa. Aliyekuahidi kukuletea kwenye sanduku lake kutoka Dubai hajui anachokizungumza. Bei ikishafika hapa ni zaidi ya mara mbili ya ile niliyolipa kwa Odyssey, ambayo yenyewe si ya kununua ukiwa umelala. Ingekuwa gari langu halina namba ya barabarani, lina alternata mpya na linalala limekatwa umeme, ningelipa. Kwa gari linalokwenda kazini, hapana.

Ukienda kununua PC680 au kavu yoyote ya aina yake, nenda na multimita yako. Iliyojaa inasoma volti 12.8 na zaidi. Ikisoma chini ya 12.5 ikiwa bado kwenye boksi, imekaa rafu muda mrefu bila kuchajiwa, mwambie akutolee nyingine. Angalia pia masharti ya waranti, maana wauzaji wengine huifuta wakisikia neno mashindano. Na chaja yako ya zamani ya gereji, ile ya kitufe kimoja, iache huko huko gereji. Tafuta yenye mpangilio wa AGM unaofika volti 14.4 au 14.7. Ile ya kuishia 13.8 haitaijaza kamwe betri hii ikishashuka sana.